Kambale wa Mama Mchomaji

Mwaka ule ulikuwa mwaka wa unga wa njano. Ukitaka kujua ni mwaka gani, usiniulize namba, niulize tulikula nini. Kabla yake ulipita mwaka wa mihogo mikavu, ile iliyoletwa na malori ikiwa na vumbi jeusi, na baada yake ukaja mwaka wa mvua, tukala maboga mpaka watoto wakawa wanalia wakiyaona. Katikati hapo ndipo ulipokaa mwaka wa unga wa njano. Unga wenyewe uliletwa kutoka Marekani kwenye magunia yenye maandishi, na sisi tuliozoea mahindi meupe tukasema huo ni wa kuku na nguruwe. Tukausema vibaya, tukausonga, tukaula. Njaa haina maringo.

Nimeanzia hapo kwa sababu juzi juzi mjukuu wangu Restituta alinipeleka Dar es Salaam nikaone anapofanya kazi. Ni mpishi, na sisemi kwa kujisifu ila ndivyo ilivyo, ni mpishi mkubwa. Anapika kwenye hoteli ya chakula cha Wamarekani wa majimbo ya kusini, watu ambao kazi yao, kwa nilivyoona mimi, ni kuweka nyama kwenye moshi na kusubiri. Alinikalisha kwenye kiti chenye mto. Akaniletea mbavu zilizoiva mpaka nyama inaachia mfupa yenyewe. Akaniletea wali mwekundu wenye pilipili ya kutoa machozi, na juu yake kipande cha samaki kilichopakwa viungo mpaka kikawa cheusi. Nikaonja. Nikamwambia, huyu ni kambale. Akashangaa nimejuaje wakati hana kichwa wala ndevu. Kisha wakaleta kikapu kimefunikwa kitambaa kama kitu cha altareni. Nikafunua. Mkate wa unga wa njano. Watu waliovaa vizuri walikuwa wanautafuna wamefumba macho. Nilicheka mpaka meneja akaja kuuliza kama Bibi yuko salama.

Nikamwambia Restituta, haya yote niliyala Babati, mama yako akiwa bado hajamaliza kuota meno, kwenye banda la Mama Mchomaji. Akaniuliza, Mama Mchomaji ndiye nani? Nikaona nina deni la kusimulia.

Jina lake silitaji, maana hata yeye hakuwa analitaja. Watu walimwita Mama Mchomaji, basi. Wapo waliojaribu kumwita mama ntilie, akawaonyesha koleo la moto. Alisema mama ntilie anauza wali na maharage, mimi nachoma. Alikuwa mpana, na mikono ya kujitwisha debe la maji bila kusaidiwa, na alivaa koti la mwanaume lililoungua mpaka kwenye viwiko. Alitembea ameinama kidogo upande mmoja, kama mtu anayesikiliza chungu kinachochemka. Sikuwahi kumwona amekaa. Mabenchi yalikuwepo, lakini yeye na benchi walikuwa kama mtu na mkwewe, wanaheshimiana kwa mbali.

Banda lilikuwa chini ya stendi, ukielekea ziwani. Nguzo za miti, paa la madebe yaliyonyooshwa. Basi la Arusha likikwama kwenye tope, abiria wanakula kwake. Lori la Dodoma likikosa tairi, na tairi zilikuwa hazipatikani, dereva anahamia kwake kabisa, anakuwa kama shemeji. Manyara ilikuwa haijawa mkoa wakati huo. Babati ilikuwa mahali pa kupita tu, na kilichowazuia watu wasipite ni ule moshi.

Mimi nilimjua kwa kuni. Nilikuwa natoka nyumbani Maisaka na mzigo wa kuni za mgunga kichwani na mtoto mgongoni, nakwenda kumuuzia. Kila ukuni alikuwa anaugonga kwa mgongo wa kisu, anausikiliza. Mkavu anaupokea. Mbichi anautupa pembeni, anasema, huu bado unalia, nyama yangu haipikwi na kilio. Nilimchukia mwezi mzima. Halafu nikaanza kugonga kuni mwenyewe kabla sijazifunga, na mpaka leo nagonga kila kitu, hata mlango wa mwanangu.

Sasa kilichomfanya awe yeye ni kutaja. Sahani haikugusa meza ya banda lile bila kutajwa kilichomo, kwa sauti ya kusikika stendi. Na hakutaja uzuri tu kama wauzaji wengine.

“Mbuzi jike, shingo, mzee. Amezaa kuliko nyinyi wote, mtafuneni kwa heshima.”

“Kondoo, mkia, mafuta matupu. Mwenye tumbo la kuendesha amwachie jirani.”

“Ugali wa njano. Unanuka gunia. Leo hakuna mwingine.”

Wageni walikuwa wanashtuka. Dereva mmoja wa lori, mtu mwenye maneno mengi kuliko mzigo aliobeba, alisema amekula nchi nzima, na hajaona mwanamke anayetukana biashara yake hivi na bado nyama inakwisha kabla ya saa sita. Mama Mchomaji akamwambia hatukani, anatambulisha. Mgeni akiingia nyumbani kwako hatambulishwi? Basi na huyu anaingia tumboni mwako.

Lazima ujue nyakati zile zilivyokuwa. Kila kitu kilikuwa kitu kingine. Sukari ina mchanga. Mafuta ya taa yana maji. Sabuni hakuna, tunafua kwa majani ya mpapai, na aliyepata kipande cha sabuni ya kweli alikificha kuliko anavyoficha mimba. Ukipewa chai yenye sukari unauliza kwanza nani amefariki. Nyama ndiyo usiseme. Punda akipotea Bagara, mji mzima unasusa supu mpaka aonekane. Isipokuwa kwa Mama Mchomaji. Pale ulikula ukijua. Meno yako yalikuwa yamepumzika kutafuna mashaka.

Lakini usidhani nakusimulia habari za mtakatifu. Kuhusu chakula hakusema uongo. Kuhusu mengine yote, sikuwahi kumsikia akisema ukweli. Alikuwa na kovu refu mkononi. Mimi aliniambia ni kiboko wa ziwani. Dereva alimwambia ni jambazi. Padri, alipomuuliza kwa upole, alijibiwa kuwa ni mume wa kwanza. Na huyo mume wa kwanza mara alikuwa mwanajeshi, mara fundi cherehani, mara hakuwahi kuwepo. Kwao ni Kigoma, kesho yake ni Ukerewe, ukimbana anasema ni huko nyuma, na mkono unaelekea popote. Ndiyo maana nasema sijui alizaliwa wapi. Siku moja nilimuuliza, mbona kwenye sahani unasema kweli tupu, na ukiulizwa umri unadanganya mchana kweupe?

Akasema, “Umri wangu nani anaumeza?”

Alikuwa na redio, kubwa, ya mbao, imekaa kwenye rafu bila betri. Betri zilikuwa hadithi. Kila asubuhi aliifuta vumbi kwa upindo wa kanga kama anamfuta mtoto uso. Mtu akimwambia afungulie taarifa ya habari, anajibu redio imelala, halafu anatangaza mwenyewe akiwa amegeukia moto: mbuzi wameingia kutoka Bonga, sukari haijaingia, basi la Arusha limelala Minjingu. Na ilikuwa kweli, maana mbuzi na sukari na abiria wenye njaa aliwahesabu kuwa chakula.

Padri alimpenda, katekista alimwogopa. Katekista huyo, mtu mrefu mwenye baiskeli, aliingia bandani Ijumaa moja ya Kwaresima, siku ya kutokula nyama, akakaa pembeni kabisa, akaomba paja la mbuzi kwa sauti ya kuungama. Akamwomba pia, Mama, leo usitaje. Mama Mchomaji akaenda, akakata, akaja na sahani ameibeba juu kama padri anavyobeba monstransi. “Mbuzi, paja, laini, Ijumaa ya Kwaresima.” Banda lilicheka mpaka madebe ya paa yakalia. Yule mtu wa Mungu akasukuma sahani. Mama Mchomaji akamletea kambale, akamtaja naye, na katekista akala kambale, na kwa kuwa alikuwa mkweli moyoni akarudi Ijumaa iliyofuata, na nyingine, mpaka Pasaka.

Kambale ndiye niliyekuwa namtafuta, nimefika.

Moto wake ulikuwa na pande mbili. Upande wa stendi nyama. Upande wa ziwani kambale, amekunjwa mduara, mkia umeingizwa mdomoni, amekaa juu ya moshi mpaka anakuwa mweusi na mgumu kama kiatu cha askari. Kisha anamlegeza kwa mchuzi wa nyanya, ukwaju na pilipili kichaa, na abiria wanalia na kuongeza. Alikuwa na visu viwili, cha samaki kimefungwa kitambaa chekundu, na havikubadilishana kazi hata siku moja. Na alikuwa na benchi moja limegeukia ukutani, upande wa nyama. Hilo lilikuwa la wafugaji. Alikuwepo mzee mmoja aliyekuja mnadani kutoka Simanjiro, na rungu lake na shuka lake, ambaye kwake samaki si chakula na hata kumtazama ni kujichafua macho. Alikula pale ameupa moshi wa kambale kisogo. Kila sahani ikija alisubiri itajwe, akisikia mbuzi anaitikia kama mtu anayeitwa jina, ndipo anagusa.

Sisi wenyewe hatukuwa mbali na yule mzee. Kwetu Mbulu, tulikotoka mimi na mume wangu, Baba Emiliana, wazee wetu hawakula samaki. Walimweka kundi moja na chura. Na kambale, mwenye ndevu na asiye na magamba, huyo alikuwa nyoka tu aliyekosa njia akaingia majini. Miaka yote niliyopeleka kuni nilikuwa nashusha mzigo upande wa stendi, na pua nimeifunga.

Sasa katika mwaka ule wa unga wa njano, mwanangu Emiliana alivimba miguu. Nilikuwa nimemwachisha ziwa kabla ya wakati kwa sababu ziwa lenyewe lilikauka. Ng'ombe wetu walikufa kwa ukame, kuku tulishawala, maharage yaliungua shambani. Alikula ugali wa njano na mboga ya mnafu, basi. Nywele zikawa nyekundu, laini, kama ndevu za hindi. Ukimbonyeza mguu kwa kidole, shimo linabaki. Na alikuwa ameacha kulia, na mama yeyote anajua kuwa mtoto anayelia ana nguvu. Nesi wa zahanati aliniambia dawa ya huyu ni chakula: maziwa, mayai, maharage au samaki. Nikamwambia vitatu vya kwanza sina, na cha nne si chakula.

Mama Mchomaji alimwona asubuhi moja niliposhusha mzigo. Hakuniambia pole. Alimshika mguu, akabonyeza, akaangalia shimo lake. Akaenda upande wa ziwani, akarudi na kibakuli.

“Kambale,” akataja. “Wa ziwa hili, moshi wa siku mbili, miiba nimetoa, pilipili sijatia. Ni wa mtoto.”

Nikamwambia ahsante Mama, lakini baba yake akijua atatufukuza sote wawili. Na hakuwa mtu mbaya, Baba Emiliana. Alikuwa mtu wa kwao. Aliapa mbele yangu kwamba chungu kilichopikiwa samaki hakitaingia mlangoni kwake, na chungu kikiingia yeye atatoka.

Nikatembea mpaka karibu na Maisaka. Nikarudi. Njiani nilikuwa nimepata akili, na niliiona nzuri sana. Nikamvuta Mama Mchomaji pembeni. Nikamwambia mtwange huyo kambale awe unga kabisa. Umwage kwenye supu ya mbuzi. Mimi nitaibeba nyumbani kwenye kibuyu, nitasema nimepewa supu, na Baba Emiliana mwenyewe ataona ni mbuzi. Mtoto akishapona ndipo nitamwambia. Akisikia kambale sasa hivi, hakubali. Akishaona matunda yake, atakubali.

Aliacha kugeuza nyama. Mikono ile iliyokuwa haitulii ikatulia.

“Hapana. Kwangu chakula kinatajwa kwanza, ndipo kinaliwa.”

Nilikasirika nikasahau heshima. Nilimwambia mtoto wangu anakwisha na wewe unaniletea utaratibu. Nilimwambia moyo wake umekaushwa kwa moshi. Watu waligeuka. Yeye akanyoosha kisu kuelekea lile benchi lililogeukia ukutani, ambako mgongo wa yule mzee wa Simanjiro ulikuwa unakula polepole.

“Yule mzee anakula kwangu kwa nini, na si kwingine? Nikimficha mumeo leo, kesho nimemficha na yeye.” Kisha akashusha sauti, na hiyo mara moja tu ndiyo niliyomsikia akishusha sauti. “Na wewe utaficha mpaka lini, Mama Emiliana? Huyu hataki kambale wa siku moja. Anataka wa kila siku. Mlete baba yake.”

Nikaenda. Nikamwambia Baba Emiliana kama nilivyoambiwa, bila kuongeza wala kupunguza: Mama Mchomaji anakuita. Kuna mbuzi na kuna kambale. Akauliza, wa kwangu yupi? Nikasema mbuzi. Alikuwa hajaonja nyama tangu Krismasi. Akavaa viatu.

Tukakaa, yeye, mimi, Emiliana mapajani kwangu kama kifurushi. Ng'ambo ya meza alikuwa yule dereva wa maneno mengi, bado anasubiri tairi. Mama Mchomaji akaleta sahani ya kwanza. “Mbuzi, ubavu, kijana, wa leo.” Baba Emiliana akala, na nilifurahi kumwona anakula, maana mume aliyekonda anakudhalilisha kanisani. Kisha akaleta kile kibakuli, akakiweka mbele ya mtoto.

“Kambale. Wa ziwa hili. Wa Emiliana.”

Baba Emiliana akafuta midomo.

“Mwanangu hali nyoka,” akasema.

“Sawa,” akasema Mama Mchomaji. “Mpe ulicho nacho.”

Baba Emiliana akatazama sahani yake. Akachambua kipande laini cha ubavu, akakikata vidogo vidogo kwa kucha, akamtia mtoto mdomoni. Emiliana akakizungusha. Mdomo ulikuwa na vidonda. Akakitema. Baba yake akatafuna kingine mwenyewe, akamtia. Akakitema nacho. Halafu yule mtoto, ambaye kwa wiki nzima hakuwa amenyoosha mkono kwa kitu chochote, akanyoosha mkono, akautumbukiza kwenye kibakuli cha kambale. Haukufika mdomoni, hakuwa na nguvu. Ulibaki pale ndani, vidole vinafunga na kufungua.

Baba Emiliana aliuangalia ule mkono. Nilijua anachofikiri. Kwetu baba hampi mtoto kitu ambacho yeye hajakigusa. Akamega kambale. Akaniambia, mimi nikifa, mtoto asile. Akatia mdomoni, akafumba macho, akameza kama mtu anayemeza mfupa.

Tukasubiri. Hata yule mzee wa Simanjiro aligeuza sikio, ingawa macho hakuyageuza.

“Baba,” akasema dereva, “umekufa?”

“Bado,” akasema Baba Emiliana.

Akamega tena. Hiki cha pili hakukila yeye. Emiliana alikipokea, akakizungusha, akameza. Akafungua mdomo kama kinda la ndege. Mimi nilikuwa nalia, nasingizia moshi, na Mama Mchomaji alikuwa ameshageuka zamani, anamtajia mtu mwingine shingo.

Emiliana alikula kambale kila siku, nami kila siku nilileta kuni. Shimo la mguuni likaanza kujaa. Nywele zikarudisha weusi wake. Kisha akaanza kulia, kisha akaanza kuuma watu, na hapo nikajua amepona, maana mtoto mzima unamjua kwa ugomvi.

Maisaka walituita wala nyoka. Mama mkwe wangu alitutengea kikombe chetu, akakiweka nje ya mlango. Tulikinywea nje kwa adabu. Lakini ukame ulikuwa mrefu, na haukupita muda wale wale waliotuita wala nyoka wakaanza kupita njia ya nyuma na bakuli chini ya kanga, eti wanamnunulia mgeni. Mama Mchomaji hakuwa na njia ya nyuma. “Kambale, wawili, wa Maisaka, wanasema ni wa mgeni.” Mgeni gani asiyekwisha, watu wakauliza. Mama mkwe alikuja wa mwisho. Naye alitajwa.

Baba Emiliana mpaka anaingia kaburini, Mungu amrehemu, hakukubali kuwa anakula samaki. Alikubali kuwa anakula kwa Mama Mchomaji. Alikuwa anaingia, anakaa, anasema, nipe kile. Mama Mchomaji anamuuliza, kile nini? Anasema, kile cha siku zote. Sikijui, anasema Mama. Wanatazamana. Banda zima linatulia kumsikiliza. Mwishowe mwanaume mzima, baba wa watoto sita, anainama mezani na kunong'ona, “Kambale.” Na Mama Mchomaji anakipokea kile kinong'ono na kukitangaza mpaka stendi. Mwezi uliofuata ni hivyo hivyo. Nadhani wote wawili walikuwa wanaupenda ule mchezo. Mimi pia.

Banda lile halipo tena. Mji umekua, mahali pale wanauza simu. Mama Mchomaji alihamia Nakwa, kwa mwanamke mmoja aliyewahi kumsaidia jikoni ambaye sasa anamwita mama. Tulipotoka Dar nilimwambia Restituta, kabla ya kufika nyumbani tupite Nakwa.

Tulimkuta uani, juani. Alikuwa amekaa. Hilo ndilo lililonichoma moyo, si macho yake yaliyopata ukungu wala mikono iliyokonda. Alikuwa amekaa kwenye benchi, mgongo umeegemea ukuta. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanijua kwa sauti. Nikamwambia, Mama, leo umekaa. Akasema, benchi lina subira kuliko mimi.

Nilikuwa nimemletea ule mkate wa hotelini, nimeufunga kwenye kitambaa. Sikumpa hivi hivi, ninamjua. Nikataja: mkate wa unga wa njano, wa Dar, wa juzi, umekauka pembeni. Alicheka mpaka akakohoa. Akaumega, akatafuna kwa fizi, akasema angalau hawa waliupepeta, haunuki gunia.

Restituta akapiga magoti, akamwamkia, akamweleza kilichomleta. Anataka kuacha kazi Dar, aje afungue hoteli yake Arusha, nyama ya moshi na samaki wa moshi, kama wale Wamarekani lakini ya kwetu. Anaomba afundishwe. Mimi nilidhani bibi yule atamzungusha, kama alivyotuzungusha wote kuhusu lile kovu. Wala. Alimpa yote. Kuni za mgunga, na jinsi ya kuzigonga. Namna ya kumkunja kambale mkia mdomoni ili asikatike. Ukwaju uingie lini, pilipili itoke lini. Pande mbili za moto, visu viwili. Mikono yake ilikuwa inakata hewani, inageuza nyama isiyokuwepo, na mgongo uliachana na ukuta bila yeye kujua.

Alipomaliza akamuuliza, na watu wako utawaambiaje?

Restituta ni msomi wa mambo ya hoteli, alikuwa na jibu tayari. Akasema, Bibi, nitaandika samaki wa moshi, basi. Watu wa Arusha wakisikia kambale hawaingii mlangoni. Nitamchambua vizuri, hawatamtambua. Wakishaonja, wakishampenda, ndipo nitawaambia.

Nilisikia maneno yangu mwenyewe. Yalikuwa yale yale, yamevaa viatu vya Dar tu. Nikafungua mdomo nimweleze, nikaufunga. Haikuwa zamu yangu.

Mama Mchomaji aligeuza uso upande ilikotoka ile sauti. Akauliza, huyu ni wa nani?

“Wa Emiliana,” nikasema.

“Yule wa miguu?”

“Huyo huyo. Huyu ndiye kifungua mimba wake.”

Akanyoosha mkono. Restituta akausogelea. Yule bibi akampapasa bega, akashuka mkono mzima, mnene, wenye afya, mpaka kwenye vidole, akavishika, akavifunga na kuvifungua. Kisha akainuka. Bila fimbo, bila mimi, aliinuka kutoka kwenye lile benchi akasimama ameinama kidogo upande, kama alivyokuwa anasimama mbele ya moto, na akasema kwa sauti ambayo stendi wangeisikia.

“Hapana. Kwangu chakula kinatajwa kwanza, ndipo kinaliwa.”